Nani Alikula Chakula cha Mjomba

Juzi nilimkuta binti yangu akitazama kwenye simu kile kipindi cha ajabu tulichokifuata nilipokuwa mtoto kila Jumapili alasiri dukani kwa Mzee Abdi, pale kwetu Migwani, televisheni ikiendeshwa na betri ya gari na duka zima likinuka mafuta ya taa. Katika kipindi hicho, mama mmoja alimwekea mwanawe aliyepotea chakula mezani kila siku. Alasiri moja akakuta sahani tupu.

"Nani amekula?" watu dukani wakaulizana.

Niliganda. Nyumbani, nyanya yangu, tuliyemwita Susu, alimwekea mjomba sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kila jioni, tangu aende Mombasa akanyamaza. Aliyekula kwa siri ni mimi. Nikadhani televisheni imeniona.

Susu, aliyeketi kando yangu bila kujua Kizungu cha kipindi kile, akanishika mkono. "Mtoto wake amerudi," akasema polepole. "Hata wangu hurudi. Asubuhi nakuta sahani imelambwa."

Nilitaka kusema. Nikautazama uso wake, nikageukia tena televisheni.

Tangu hapo sikukosa Jumapili hata moja, nikingoja waseme aliyekula ni nani. Hawakusema hadi mwisho. Mimi pia, hadi tukamzika Susu, sikusema.