Jino la Juu la Chanda

Ninyi vijana mnaolea mtoto wa kwanza, someni haya bila kuninunia. Shule sikuijua sana. Kosa langu ndilo lililonifundisha.

Nakumbuka Chanda wangu alipofikisha miezi sita, hapa hapa Nchelenge kando ya ziwa, wazungu wakiwa bado wanatawala. Kila mtoto na koja lake, na la Chanda lilikuwa kicheko. Mbuzi akikohoa, anacheka. Wachuuzi wa Kongo wakigombania samaki, anacheka. Kukaa alikaa mapema, kutambaa akakataa kabisa, anataka kubebwa kama chifu.

Asubuhi moja namnyonyesha, akaniuma. Nikapitisha kidole. Jino! Limetoka juu, na chini hakuna kitu.

Mwanangu, wewe labda utashangaa. Mtoto wa namna hiyo ni kigego. Sisi huku tunamwita chinkula. Ilisemwa kila jino lake likidondoka, ndugu mmoja anakufa. Zamani watoto hao walitupwa ziwani. Wakati wangu hakuna aliyetupa, lakini maneno yalibaki. Na mume wangu alivua kwa mtumbwi wa mtu mwingine. Wenzake wakisikia, nani angekubali kukaa naye mtumbwi mmoja?

Basi nikaficha. Nilimfunga mgongoni, kitenge hadi kichwani, na kila alipotaka kucheka nikamziba mdomo kwa kiganja. Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Kweli, hata ukimkunja vibaya hukunjika.

Wiki ya tatu akaja mama mkwe kutoka Kafutuma, mwanamke niliyemwogopa kuliko mamba. Akamchezea mjukuu wake. Uso wa Chanda ukang'aa; akanitazama mimi kwanza, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja chake mwenyewe.

Mama mkwe akanigeukia: "Nani alifundisha huyu mutoto kuficha kinywa?"

Nikalia, nikasema yote.

"Jino moja, Mama Chanda! Na wewe unaua kicheko kizima?"

Akambeba moja kwa moja hadi ufukweni, wanawake wakipasua samaki, wanaume wakishona nyavu. Akamfungua mdomo mbele yao. "Mutazame bote. Huyu ni mujukuu wangu."

Mwenye mtumbwi, mzee wa siku nyingi, akatema mate. "Chinkula! Wazee walikuwa banatupa mu maji."

"Na weye, mzee, hauna jino hata moja, juu wala chini. Tuanze kutupa nani?"

Wanawake walicheka hadi visu vikawaponyoka. Mzee naye akacheka, ufizi mtupu. Kesho yake mume wangu aliitwa kuvua kama kawaida.

Meno ya chini yalifuata upesi. Kicheko ndicho kilichochelewa. Alimchekea bibi yake, akamchekea baba yake, hata mbuzi. Mimi alinitazama kwanza. Alikuwa ameshaanza kutembea ndipo aliponichekea bila kuniomba ruhusa, na siku hiyo nilikaa chini nikalia.

Mwanangu, mtoto hajui maneno, lakini kiganja chako anakisoma. Hofu yako ibebe mwenyewe, usimtwike yeye. Mungu awape watoto wakaidi, wenye sauti, na awape ninyi moyo wa kuwasikiliza.

Binti zangu na wake za wanangu niliwaambia, na sitaki kurudia: jino la kwanza likionekana, la juu au la chini, mtoto atolewe mgongoni siku hiyo hiyo, apitishwe kwa majirani wote, uso mbele. Anayeona haya, abaki yeye nyumbani.