Ukuta wa Kalama niliousaini mimi, na fundi aliyebeba lawama yangu

Wakuu, hamjambo nyote.

Miaka mingi nimekuwa msomaji tu humu ndani, nacheka na kulia na nyuzi za wenzangu bila kuchangia. Leo naweka yangu. Chumvi sitaongeza hata chembe. Kitu pekee nitaficha ni jina la chuo, kwa sababu bado nakula huko.

Mimi ni mwalimu wa chuo kikuu. Nafundisha hydrology na uhandisi wa maji. Kwa lugha rahisi, nafundisha watu mvua huenda wapi ikishanyesha na vile unaweza kuishika kabla haijakimbia.

Kwetu ni Kalama, hapa Machakos. Mto wetu unajaa asubuhi, jioni unauvuka na viatu.

Kijijini walianza kuniita Daktari wa Maji hata kabla nimalize PhD. Mwaitu, yaani mama yangu mzazi, alikuwa analitamka hilo jina kanisani kama amesoma yeye.

Sasa kabla niendelee, kuna kitu lazima muelewe. Msiogope, si lecture.

Kwetu tunajenga kuta za mawe kukatiza mito ya msimu. Sand dam. Ukuta unashika mchanga, mchanga unaweka maji ndani yake. Kiangazi kikija unachimba na mikono, unachota. Jua haliyakaushi na ng'ombe hawayachafui.

Lakini huo ukuta haujengwi mara moja. Unapandisha kidogo, unangoja mvua. Mafuriko yanaacha mchanga mzito, na yale matope laini yanaruka juu ya ukuta yanaenda zake. Mvua ikiisha unapandisha tena.

Ukiharakisha ukajenga wote, maji yanatulia nyuma yake, na maji yakitulia matope yanashuka chini. Mchanga huachilia maji. Matope huyang'ang'ania. Unaweza kuwa na dam imejaa mpaka juu na usipate hata kikombe.

Hiyo ni wiki ya sita kwenye notes zangu. Nimeifundisha kila mwaka tangu niajiriwe. Shikeni hapo.

Basi idara yetu ikapata project ya wafadhili, kujenga ukuta Kalama. HOD, yaani mkuu wa idara, akaniweka mimi kuwa mhandisi mkuu. Si kwa uzuri wangu. Alijua nikisimama mimi, akina mama wa kwetu watatoka.

Na walitoka, wakuu. Mwaitu ndiye mwenyekiti wa mwethya, kile kikundi cha wamama cha kusaidiana kazi, leo shamba la huyu, kesho la yule. Walibeba mawe na migongo kutoka mlimani wiki nyingi. Kulikuwa na wheelbarrow mbili, moja ikavunjika siku ya pili.

Fundi alikuwa Mutiso. Huyu jamaa amejenga kuta za mito nusu ya maisha yake. Shule hakufika mbali, na mdomo wake, aki Mungu anisamehe, unaweza kuchubua rangi ya gari. Lakini kazi anajua. Binti yake Mwende alikuwa ndio ameingia mwaka wa kwanza pale pale chuoni kwetu.

Nilikuwa nimechora ukuta wa kupandishwa kwa misimu minne. HOD akaniita ofisini.

"Project inafungwa Desemba," akaniambia. "Unataka wafadhili wapige picha ya nusu ukuta?"

Nikamweleza mambo ya matope. Akanisikiza vizuri sana. Halafu akagusa file iliyokuwa mezani. Ilikuwa file yangu ya promotion, mara ya tatu naomba.

"Project ikiisha vizuri," akasema, "hata hii itatembea."

Hakunitisha. Hakupiga meza. Ningependa kuwaambia alinilazimisha, lakini nimeahidi ukweli. Nilienda nikachora upya, ukuta mzima kwa mpigo mmoja, nikasaini.

Nilipompelekea Mutiso ile michoro akaiangalia kichwa chini, kichwa juu.

"Mwalimu, hii kitu uliandika ukiwa mzima?"

Nikamwambia ajenge.

"Nikijenga hivi utawapa hawa wamama bakuli ya uji. Wewe si ndio unafundisha watu? Ama huko chuo mnafundishana nini?"

Alisema hayo mbele ya kikundi chote. Wakuu, nilisikia moto masikioni. Na mtu akikuaibisha na ukweli unakasirika mara mbili.

Nikamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo, "Mutiso, wewe weka mawe. Hesabu niachie mimi."

Wamama wakacheka. Mwaitu alicheka kushinda wote.

Mutiso akatema mate kando, akachukua mwiko wake akajenga. Na alijenga, jameni. Mpaka leo ule ukuta haujawahi kuvuja hata tone.

Mvua ya kwanza ikaja, maji yakasimama nyuma ya ukuta yanang'aa kama kioo. HOD akaja na wageni, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Mimi niko katikati na kofia nyeupe ya plastiki. Miezi miwili baadaye nikawa senior lecturer.

Halafu kiangazi kikaingia.

Mwaitu akanipigia simu. "Katunge, kuja uone."

Nilifika nikakuta wamama wamepanga mitungi, punda wamefungwa kando. Walikuwa wamechimba mashimo saba. Mwaitu aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi ya matope ya kijivu, akakamua. Hakuna kitu kilitoka. Akanipa hayo matope mkononi, laini kama unga wa chapati uliokandwa.

Nilijua saa hiyo hiyo. Sikuhitaji maabara.

Wote wakaniangalia. Wamama thelathini na kitu, wengine wamenibeba mgongoni nikiwa mtoto.

Ni Mwaitu mwenyewe alianza. "Si ni simiti? Mutiso alikula simiti. Maji yanatorokea chini."

"Ehe!" mwingine akadakia. "Ndio maana alikuwa anapinga pinga. Alikuwa anatafuta njia ya kuiba."

Halafu mmoja akaniuliza moja kwa moja, "Ni kweli, Daktari?"

Wakuu, hapo ndipo maisha yangu yaligawanyika. Nilikuwa na jibu. Liko kwenye notes, wiki ya sita, na michoro ya rangi.

Nikasema, "Tutachunguza."

Neno moja tu. Sikumtaja mtu. Lakini kijijini, Daktari akisema tutachunguza, kesi imeisha. Mutiso hakupata kazi tena Kalama, hata ya kujenga choo. Akaenda Ekalakala kupiga plasta vibanda vya soko. Wamama wakarudi kutembea masaa mawili na punda kutafuta maji, Mwaitu akiwa mmoja wao, na magoti yake yale.

Mimi nikaanza kukosa nafasi ya kwenda nyumbani. Leo marking, kesho conference. Nilijiambia nitasema msimu ukifika. Msimu ukafika, nikanyamaza. Mwingine pia.

Mficha uchi hazai, ndiyo, najua, msinitumie hiyo kwa comments.

Miaka miwili ikapita. Mwende wa Mutiso akafika mwaka wa tatu, akaingia darasa langu. Alikuwa anakaa mstari wa pili, anaandika kila kitu, hasemi. Siku ya wiki ya sita nilifundisha nikiangalia dirisha.

Kwa mtihani niliweka swali lile lile la kila mwaka: Eleza kwa nini ukuta wa sand dam hupandishwa kwa hatua, na utoe mfano. Wengi huandika mfano wa vitabu.

Mwende aliandika kwa Kizungu, mimi nawawekea kwa lugha yetu:

"Mfano ni ukuta wa Kalama. Ulijengwa wote kwa msimu mmoja, ukajaa matope. Simiti haikuibiwa, kwa sababu ukuta hauvuji. Fundi alionya. Mhandisi alijua, maana sababu zote nilizoandika hapo juu nimezitoa kwenye notes zake."

Hakuna tusi. Hakuna jina la baba yake. Chini yake alikuwa amechora ule ukuta na vipimo, vyote sawa.

Nilikaa na hiyo karatasi mpaka chai ikapoa. Halafu nikalia, mtu mzima, PhD, ofisini, mlango wazi.

Nikampa kumi kwa kumi. Singepata mahali pa kutoa hata nusu alama.

Jumamosi iliyofuata nikaenda nyumbani. Kikundi kilikuwa kinapalilia kwa jirani. Niliwaomba wasimame kidogo, nikasema yote. Michoro ya kwanza, file, saini, tutachunguza.

Hakuna aliyenitusi. Hiyo ndiyo iliniuma. Mwaitu aliweka jembe chini, akaniuliza jambo moja.

"Wakati nilisema Mutiso ni mwizi, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Mwaitu."

Akachukua jembe lake akarudi kwa mstari wake. Hajaniita Daktari tena tangu siku hiyo. Ananiita Katunge tu.

Nikaenda Ekalakala. Nilimpata Mutiso juu ya ngazi, anapiga plasta. Nikaomba msamaha, nikamwambia kikundi kinajua ukweli, na nikaeleza kuna njia: kukata ukuta katikati ushuke, mafuriko yavute matope nje, kisha tuanze kupandisha polepole. Nikamwomba arudi atusaidie.

Aliendelea kulainisha ukuta wake.

"Mwalimu, mimi sivunji kazi yangu. Ilikuwa kazi safi. Aliyesaini avunje."

Basi nilivunja. Mimi, na nyundo ya kuazima, mbele ya wamama waliobeba yale mawe na migongo. Kila jiwe nililong'oa kuna mtu pale alilikumbuka. Mmoja alisema, "Hilo nilibeba mimi nikiwa na mimba ya Musyoka," nikatamani ardhi inimeze.

Simiti ya Mutiso ilikuwa ngumu, ai, hiyo simiti. Mikono ilitoka malengelenge kabla nimalize hata mstari wa kwanza.

Kufikia mchana niliona mtu amekaa ukingoni. Ni yeye. Hakusalimia. Aliniangalia nikigonga muda mrefu, mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Si hapo. Anzia kwa kiungo."

Ni hayo tu alisema siku nzima. Hakushika nyundo.

Mvua moja imeshapita. Matope yameanza kutoka, mchanga haujafika wa kutosha. Maji bado hakuna. Mto hauna haraka na PhD ya mtu.

HOD akisoma hii, asome. Ile picha ya uzinduzi bado iko ukutani kwenye corridor ya idara, maji yanang'aa, mimi na kofia yangu. Niliomba itolewe, nikaambiwa wageni wanaipenda.

Somo langu, wakuu: ujinga hupoteza watu, lakini mtu anayejua halafu ananyamaza ni mbaya zaidi, kwa sababu kuna mwingine atabeba jina la mwizi kwa niaba yake. Na ukija kumrudishia jina lake zuri, unarudisha jina tu. Miaka haimo.

Nyinyi mliowahi kusaini kitu mkijua si sawa, mlifanyaje? Mlisema, ama mko bado na "tutachunguza" yenu? Wahandisi, walimu, mafundi, tiririkeni. Matusi pia napokea, nimezoea sasa.

Mwende yuko mwaka wa nne. Tunapitana kwenye corridor karibu kila siku, chini ya ile picha. Ananisalimia vizuri, kwa heshima zote. Halafu anainua macho anaangalia ile picha, na mimi nangoja amalize.