Mkaanga Placki Haketi

Teresa alikuna viazi kwa mkono, kilo tatu, mpaka vifundo vya vidole vikachubuka. Mashine ipo kabatini, lakini viazi vya mashine hutoa uji, na binti yake Jagoda hapendi placki, chapati za viazi, zikiwa za uji. Miaka minne yuko Norwei na mumewe Patryk. Leo wamepita kwa saa chache tu.

Teresa na mumewe Zenon walijinyima miaka kumi na mmoja wakamjengea Jagoda ghorofa ya juu. Mapazia yameshatundikwa, godoro bado liko ndani ya nailoni. Teresa alikuwa na swali moja: mtarudi lini? Atauliza wakiketi kula.

Lakini placki huliwa zikitoka kikaangoni. Zikipoa hulegea kama ngozi ya kiatu kilicholowa, na viazi vilivyokunwa vikikaa huingia weusi. Kwa hiyo mkaangaji haketi. Mama yake hakuketi, wala bibi yake.

"Mama, njoo ule na wewe," Jagoda aliita kutoka mezani.

"Kuleni kwanza, zinakaribia kwisha."

"Mama, tukiendelea hivi sitaingia garini," Patryk akasema.

"Kula, baba. Umekonda kama mpini wa fagio."

Kila alipoingia na sahani, maneno yalikatika na wote wakalitazama bakuli la krimu. Mara ya tatu alimwona Zenon ameweka uma chini. Zenon, ambaye placki kumi na nne kwake ni za kuonja. Akataka kuuliza, ila kikaangoni nyingine zilikuwa zinaungua.

Alipokwangua bakuli la viazi akajipatia mbili za mwisho, akavua aproni, akatoka jikoni. Jagoda alikuwa anafunga vifungo vya koti.

"Tutachelewa ndege, Mama. Baba atakueleza."

"Anieleze nini?"

Jagoda alimkumbatia. "Unanuka mafuta," akasema, akacheka, macho mekundu.

Gari likaondoka. Teresa akaketi.

"Haya, sema."

"Wamenunua nyumba hukohuko," Zenon akasema. "Hawarudi."

"Walikuambia saa ngapi?"

"Ulipokuwa unakaanga."

"Nilikaanga saa nzima na nusu, Zenon. Sahani ya ngapi?"

Zenon alikuna kidevu. "Ya kwanza."

Teresa alizitazama placki zake, zimeshalegea. Akazimwagia sukari nyingi, akazila zote mbili vivyo hivyo, baridi.