Neno Lililokatazwa Bandani

Mtunza farasi wetu alikuwa mtu wa kuwapa pole watu, wanyama na vitu. Toroli likipata pancha, alilipa pole. Mlango ukijibamiza kwa upepo, aliusogelea, akaushika bawaba, akaupa pole. Ndoo ikidondoka kutoka kwenye msumari wake, aliiokota, akaizungusha kuona kama imebonyea, akasema, "Pole, pole," kisha akairudisha mahali pake taratibu kama anayemlaza mtoto. Ndiyo maana bandani tulimwita Mzee Pole, na jina lake la kuzaliwa likabaki huko huko kwenye kitambulisho.

Farasi aliyempenda kuliko wote tulimwita Bwana Harusi, kwa sababu hakuwahi kutoka bandani kabla ya kuhakikisha kwamba kila mtu anamsubiri. Alikuwa mweusi, mrefu, na alikuwa mrukaji. Siku moja mazoezini aliruka kiunzi vizuri, akatua vibaya, na kano ya mguu wa mbele wa kushoto ikavimba.

Daktari wa mifugo aliupapasa mguu huo juu hadi chini. "Haijakatika," akasema. "Apumzike. Mguu umwagiwe maji baridi asubuhi na jioni, ufungwe bendeji, na akianza kutembea atembezwe kwa kamba, asipandwe na mtu. Mtu asiwe na haraka."

Haraka na Mzee Pole walikuwa hawajuani. Asubuhi aliingia na mpira wa maji, akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Pole, baba," akaugusa mguu. Farasi akauinua. Maji yakamwagwa, mguu ukakaushwa kwa taulo, bendeji ikafungwa, halafu karoti. Jioni hivyo hivyo. Mvua zilianza, zikaisha, na wao walikuwa wakiendelea na pole, maji, taulo na karoti. Mwishowe hakukuwa na haja ya kuugusa mguu. Akisema tu, mguu ulikuwa juu. Daktari alipopita kukagua, alitikisa kichwa kwa furaha.

"Huyu ana adabu kuliko wanangu," akasema.

Daktari alipotoa ruhusa ya kumpanda tena, alikuja binti aliyekuwa akimpanda tangu zamani. Alizunguka naye uwanjani kwa mwendo wa kutembea, kisha kwa mwendo wa kudunda, na sisi tuliosimama uzioni tukaanza kupumua. Wakafika kwenye mteremko mdogo. Binti akavuta hatamu kidogo, akamwambia farasi, kama mtu yeyote angemwambia, "Polepole."

Farasi akasimama papo hapo na kuinua mguu. Binti hakusimama. Aliteleza juu ya shingo, akakumbatia masikio, akashukia nyasini kwa makalio.

"Pole, mwanangu!" Mzee Pole akapiga kelele huku akikimbia.

Farasi akauinua mguu zaidi.

Kwa bahati mbaya siku hiyo tajiri mwenyewe alikuwepo, mwenye farasi na banda na sisi. Alikuwa mtu mwenye sauti kubwa na subira ndogo. Aliona mguu uko juu, akajua kano imerudi kule kule.

"Basi, yameisha," akasema. "Shemeji yangu anatafuta farasi mpole wa kubeba watoto kwenye sherehe za kuzaliwa. Huyu ataenda huko."

"Kubeba watoto, bosi?" Mzee Pole akauliza. "Huyu mrukaji?"

"Ataruka puto."

Daktari aliitwa. Akaubonyeza mguu, akaukunja, akaunyoosha. Hakuona kitu. Alipoinuka akagonga kichwa kwenye boriti ya mlango, na Mzee Pole akasema, "Aa, pole, daktari." Nyuma yao farasi, ambaye alikuwa amezamisha uso kwenye majani, aliacha kutafuna, akainua mguu wa mbele wa kushoto.

Daktari alisahau kichwa chake. "Sema tena."

"Nini?"

"Ulichosema."

"Pole?"

Mguu ukapanda.

"Sema kitu kingine."

Mzee Pole akafikiri. "Shikamoo."

Farasi akarudi kwenye majani yake.

"Pole," akasema daktari mwenyewe. Mguu ukapanda. Daktari akaegemea ukuta, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa bendeji safi. "Mguu umepona kabisa," akasema alipoweza. "Mgonjwa ni wewe."

Tajiri hakucheka. Alisikiliza yote, akatoa uamuzi wake: mashindano yalikuwa yanakaribia, na Bwana Harusi ataingia. Akimaliza uwanja mzima bila kusimama njiani kama mlinzi anayesinzia, atabaki. Akisimama, atakwenda kwa shemeji siku ile ile, na gari la kumbebea litakuwa tayari limeegeshwa.

Dawa ilikuwa rahisi, na daktari aliitaja: mwambieni neno lile, msimpe chochote, atachoka mwenyewe. Lakini Mzee Pole hakuweza. Alijaribu. Alisimama mbele ya farasi, akasema pole, mguu ukapanda, akageuka aondoke, akafika mlangoni, akarudi na karoti.

"Baba, ndiyo nini sasa?" binti akamuuliza.

"Nimpe mtu pole halafu nimwachie mguu hewani? Hiyo si pole, mwanangu. Hiyo ni dharau."

Basi likabaki jambo moja, kulipiga neno marufuku. Bandani hakuna kusema pole, wala poleni, wala polepole. Mzee Pole mwenyewe akawa hana jina, maana ukimwita tu, farasi anaitika. Pamba ya masikioni nayo ilijaribiwa. Bwana Harusi alisugua kichwa kwenye nguzo mpaka ikatoka, kisha akaila.

Sisi wengine tulizoea haraka. Mtu akijikata kidole, tulimwambia, "Ndiyo hivyo." Kwa Mzee Pole ilikuwa mateso. Neno lilimjia mdomoni kama chafya. Akawa analikamata likishafika kwenye meno, na kwa kuwa mdomo wake haukuzoea kurudi mikono mitupu, ulitoa neno lolote la heshima lililokuwa karibu.

Ndivyo ilivyotokea nyumbani kwake. Mama mkwe wake alikuwa amekuja kukaa nao. Jioni moja alipita sebuleni kukiwa na giza kidogo, akagonga kidole cha mguu kwenye kona ya kabati, akapiga ukelele.

"Po… hongera, mama!" akasema mkwe wake.

Mama mkwe aliketi kwenye kochi akiwa ameshika kidole, akamtazama.

"Umesemaje?"

"Nimesema… hongera."

"Mume wangu," mkewe akaita kutoka jikoni, "mama kaumia, wewe unampongeza?"

"Mwache," mama mkwe akasema. "Mwache aseme yaliyo moyoni. Miaka yote namwona mpole, kumbe alikuwa anangoja kabati linisaidie."

Ikabidi aeleze mambo yote tangu mwanzo: kano, maji, karoti, shemeji na puto. Mama mkwe alisikiliza bila kupepesa macho. Alipomaliza, mama akauliza swali moja tu.

"Huyo farasi ukimpoteza, utafanyaje?"

Mzee Pole alitazama mikono yake. "Nitaendelea kufanya kazi, mama. Ila sitajua naamkia nini."

"Basi siku hiyo nami nakuja," mama mkwe akasema. "Nikamwone huyo mkwe mwenzangu."

Siku ya mashindano, Mzee Pole alivaa shati la mikono mirefu na kuanza kuzunguka majukwaani kabla ya mambo kuanza, mstari mmoja baada ya mwingine, akiwa ameshika kofia mkononi.

"Ndugu zangu, samahanini. Akiingia farasi mweusi, nawaomba sana, msimwambie mtu yeyote neno lile la kumwambia aliyeumia."

"Neno gani?"

"Siwezi kulitaja. Yuko pale, anasikia."

"Pole?"

"Hilo! Taratibu, mama, taratibu!"

"Na mtu akivunjika shingo?"

"Mwambieni ajikaze."

Watu walicheka, lakini walikubali. Mtangazaji naye alikubali, akafunika kipaza sauti kwa kiganja wakati wa kukubali. Mzee Pole akamkalisha mama mkwe kiti cha mbele, na kwa kuwa kiti pekee kilichobaki chenye kivuli kilikuwa pembeni yake, tajiri akaja kukaa hapo. Mama mkwe alikuwa na kikombe cha chai. Gari la shemeji lilikuwa limeegeshwa nje, mlango wa nyuma wazi.

Farasi waliotangulia waliangusha viunzi, na jukwaa zima likajizuia kwa shida. "Jikazeni!" watu wakapiga kelele. Mpandaji mmoja aliyeanguka kwenye matope aliambiwa ndiyo hivyo na watu wote kwa pamoja, akaondoka akiwa amekasirika sana.

Kengele ikalia. Bwana Harusi akaingia. Aliruka kiunzi cha kwanza kama mtu anayevuka kizingiti cha nyumba yake. Akaruka cha maji, akaruka cha ukuta. Binti alikuwa amelala juu ya shingo yake, na Mzee Pole, aliyesimama kwenye geti ambalo sheria ilimkataza kulivuka, alikuwa ameng'ata kofia. Kikabaki kiunzi cha mwisho. Mama mkwe, kwa kusisimka, akainuka ghafla, na chai yote ikamwagikia magoti.

"Lo!" tajiri akapaza ile sauti yake ya kuita watu walio mbali. "Pole sana, mama!"

Katikati ya uwanja, Bwana Harusi akasimama. Akainua mguu.

Safari hii binti alikuwa amejifunza, akabaki mgongoni. Akambana kwa miguu, akambembeleza, akamnong'oneza. Farasi alikuwa anangoja maji. Alitazama kushoto, hakuona mpira. Alitazama kulia, hakuona taulo. Akamwona Mzee Pole getini, akauinua mguu juu zaidi, akidhani labda hakuonekana vizuri. Mzee Pole akafumba macho.

Lakini kusimama kwa miguu mitatu kunachosha, hata ukiwa na adabu. Mguu ulianza kutetemeka, ukashuka kidogo, ukapanda, ukashuka. Mwisho Bwana Harusi akautua chini, akapuliza pua kama mgeni aliyekaa sana bila kuletewa hata maji, akakimbia, akaruka kiunzi cha mwisho na nafasi ikabaki.

Muda ulikuwa umemwishia zamani. Mtangazaji alimtaja karibu na mkia wa orodha.

Tajiri akainuka. "Nilisema asisimame."

"Na wewe uliambiwa usiseme," mama mkwe akamjibu huku akikamua sketi.

"Mimi sikusema kitu."

"Umesema. Tena umeongeza sana." Aligeuka kwa watu wa nyuma. "Jamani, hakusema?"

"Kasema!" jukwaa likajibu.

"Mama, ulikuwa umeungua! Ulitaka nikutazame tu?"

"Ndiyo, kama ulivyoambiwa. Umeshindwa, wewe mtu mzima. Sasa huyu farasi unamfukuza kwa lipi?"

Tajiri aliwatazama watu waliokuwa wakimtazama, akatazama uwanja, ambako daktari alikuwa amekwisha kupiga magoti akipapasa ile kano. Daktari akainua kidole gumba: baridi, kavu, haina uvimbe. Tajiri akatoa simu, akampigia shemeji, akamwambia dereva arudi na gari lake tupu. Shemeji alisema maneno mengi. Tajiri akasema, "Sikusikii vizuri," akakata.

Mzee Pole alikuwa ameshaambiwa na kelele za jukwaani kwamba farasi anabaki. Alifika kwa farasi, akaweka paji la uso kwenye shavu lile jeusi, akakaa hivyo mpaka binti akashuka.

"Baba, unalia?"

"Hapana. Ni vumbi."

"Basi jikaze," binti akasema.

Wakalegeza mkanda wa tandiko, wakamwongoza taratibu kwenda kumtafutia kivuli.