Wasifu wa Raman Uliosomwa Sironga

Ukifa mjini Keroka, Linet Bosibori ndiye atakayekuandika. Kwa miaka kumi na mmoja ameketi kwenye kompyuta ya dirishani katika duka la uchapishaji la mzee Haresh, akiandika wasifu wa marehemu kwa ajili ya programu za mazishi, vile vijitabu wanavyogawiwa waombolezaji, na bado haijasikika familia iliyorudi kulalamika. Siri yake si kubwa. Hachapishi neno mpaka awaulize jamaa watatu, tena watatu wasiopatana, maana mke mdogo akisahauliwa kwenye karatasi, mazishi yanaweza kusimama na jeneza likiwa juani.

Jambo moja tu lilimkera: programu ya mazishi haina jina la mwandishi. Linet aliipenda fizikia tangu sekondari, akapata A, kisha maisha yakamvuta kwingine kabla hajafika chuo. Hamu haikumtoka. Alitamani siku moja awaeleze watu mambo ya sayansi, na wajue kwamba ni yeye anayewaeleza.

Februari hii bahati ikabisha hodi. Kila tarehe ishirini na nane ya mwezi huo Wahindi husherehekea sayansi kwa kumkumbuka mwanafizikia C. V. Raman, na Haresh, anayemzungumzia Raman kama mjomba wake, akaamua safari hii sherehe ifanyike katika shule moja ya Sironga. Babu zake Haresh walitoka Gujarat, naye Raman alizaliwa kusini kabisa mwa India, lakini mwambie mzee huyo hivyo uone atakavyokununia mpaka jioni. Linet akapewa kazi ya kuandika wasifu, na chini yake, kwa mara ya kwanza, jina lake. Tena Apiyo, mtangazaji wa redio moja ya Kisii aliyekuwa akitafuta mtu wa kuendesha kipindi cha sayansi, akaahidi kuja kumsikiliza akiusoma.

Linet akaandika, na akaandika vizuri. Alieleza jinsi Raman alivyogundua, mwaka 1928, kwamba mwanga ukipita ndani ya kioevu, sehemu yake ndogo sana hutoka na rangi tofauti, na kwamba hadi leo ugunduzi huo husaidia kutambua dawa bandia bila kuvunja tembe. Kisha akatia chumvi: "Kazi hiyo aliifanya peke yake, bila msaidizi." Nani alimwambia? Haresh. Wafu wa Keroka huulizwa jamaa watatu. Raman aliulizwa shabiki mmoja.

Asubuhi ya sherehe, nakala mia nne zikiwa zimeshafungwa, mwalimu Ratemo anayefundisha fizikia pale shuleni akamtumia Linet picha ya ripoti ya kwanza ya ugunduzi ule. Majina yalikuwa mawili: Raman, na mwanafunzi wake Krishnan. Linet akamgeukia Haresh.

"Mzee, tuchape upya."

"Na stima iko wapi?" Haresh akauliza. Kweli, mji mzima haukuwa na umeme tangu alfajiri. "Wewe nyamaza tu, Linet. Nobel alipewa nani? Raman, peke yake. Huyo mwingine, nani Sironga anamjua?"

"Hapo ndipo shida iko, mzee. Hana mtu wa kumsemea."

Haresh akanuna. Wakapanda gari lake kwenda Sironga.

Ukumbini Linet alimwona Apiyo mstari wa mbele, daftari gotini. Tusimpambe: alishawishika kuuruka ule mstari na kuendelea kama kwamba haupo. Alipoufikia, akaishusha karatasi.

"Hapa nimekosea," akasema. "Ni mimi niliandika, jina langu liko hapo chini. Raman hakuwa peke yake. Alikuwa na Krishnan, na ripoti ya kwanza ina majina yao wote wawili. Tafadhali chukueni kalamu, mwandike jina lake."

Apiyo akafunga daftari. Linet alimwona. Kipindi kimeenda, akajua. Lakini kalamu zilikuwa zimeshaanza kukwaruza ukumbi mzima, na alipozisikia akajishangaa mwenyewe, maana alikuwa amefurahi.

Ndipo mazoea ya kazi yakamponyoka. Kwenye mazishi ya huku, mtu aliyeachwa nje ya wasifu akishatajwa, jamaa zake huombwa wasimame waonekane. "Watu wa upande wa Krishnan," Linet akauliza kabla hajajizuia, "wako hapa?"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Linet akaona aibu mpaka masikio yakawaka. Kisha kiti kikalia huko nyuma. Mzee Haresh alikuwa amesimama, amenuna vilevile, mkono juu.

"Mimi," akasema. "Mimi ni wa upande wake."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi, na mwalimu Ratemo akapiga mluzi kama mtu aliye uwanjani.

Baadaye, watu wakitoka, Apiyo akamfuata Linet hadi getini.

"Madam, najua mlikuwa mnataka mtu asiyekosea," Linet akaanza.

"Huyo sijawahi kumpata," Apiyo akamkatiza. "Nilifunga daftari kwa sababu nilikuwa nimeshaamua. Uje studio Jumatano, saa tatu asubuhi. Na usije peke yako. Uje na huyo jamaa wa Krishnan."