Adventina na Dhambi Isiyokuwa Yake

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya migomba, Adventina huketi kwenye nyasi za mlangoni pa jiko, akavuta kapu la ndizi, na huku akimenya huwaombea watu. Huomba kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza na mtu aliye upande wa pili wa ua. Lakini majina hataji. Husema, "Yule mwenye mguu unaomsumbua. Wale wawili wanaogombea mpaka. Yule aliyejifungua juzi kule bondeni." Mungu, anasema, hana haja ya kuambiwa nani ni nani.

Nilikaa kwake Nyaishozi wiki mbili mwaka 1957, kwa kuwa mume wake, Rweyemamu, ni ndugu wa baba yangu. Siku moja tulipokuwa tukimenya pamoja alinieleza mambo haya. Aliniruhusu kuyaandika, ila majina ya wengine nibadilishe. Lake alisema niliache kama lilivyo.

Alibatizwa akiwa na miaka ishirini na minane, mtu mzima mwenye watoto. Alijifunza kusoma kwa kufuata mstari kwa kidole, na ukurasa mmoja wa Injili ulimchukua juma zima. Mwalimu wa kanisa alikuwa kaka yake mwenyewe, Yustus. Ndiye aliyemwambia kwamba ubatizo ni siku moja, na uanafunzi ni siku zote zinazobaki. Adventina alilishika neno hilo. Aliacha kunywa rubisi, pombe ya ndizi, hata kwenye arusi. Rweyemamu, ambaye hakubatizwa, alicheka akasema, "Afadhali. Sasa kibuyu kitanifikia kikiwa kimejaa." Aliacha kuwatukana mbuzi wa jirani. Akaanza kuwaamkia watu aliokuwa amewanunia miaka.

Mke wa Yustus aliitwa Kokushubira. Wawili hao walikuwa mawifi wa kutaniana mchana kutwa. "Wifi, leo maharage umeyapika au umeyatisha tu?" Adventina alikuwa akisema, naye Kokushubira akijibu, "Kula, kaka yako huyala na hajafa bado." Walilima pamoja, walichuma kahawa pamoja, na jambo moja walilifanya pamoja ambalo hakuna mtu mwingine aliyelijua.

Mwaka 1944 mtoto wa Kokushubira, Kemigisha, alikuwa na mwaka mmoja, akashikwa na homa isiyokwisha. Yustus alikuwa safarini Bukoba kwa semina ya walimu. Siku ya nne mtoto alikataa kunyonya. Mawifi hao wakamfunga mgongoni wakampeleka kwa mbandwa, mwanamke anayepandwa na mizimu, wakiwa na kuku mweupe na kahawa ya kutafuna. Mbandwa alimfunga mtoto simbi mbili za hirizi kiunoni. Homa ikashuka. Kabla Yustus hajarudi, Kokushubira alizikata zile simbi akazitupa chooni.

"Nitamwambia mwenyewe," alisema. "Nipe muda, wifi. Nitafute siku."

"Ni siri yako," Adventina akamjibu. "Mimi nimekusindikiza tu."

Miaka mitano ikapita. Ndipo uamsho wa kanisa ukafika Nyaishozi. Watu walikusanyika kila Alhamisi alasiri, wakaimba, kisha mmoja mmoja akasimama kuweka mambo yake nuruni. Ndivyo walivyosema: kuweka nuruni. Mwanamume mmoja alirudisha jembe aliloiba. Mwingine alilia mbele ya mkewe kwa jinsi alivyokuwa akimpiga. Watu waliwakumbatia, wakaimba tena, na walioungama walirudi kwao nyuso zikiwa nyepesi.

Adventina naye alisimama. Aliungama kwamba aliwahi kuchukua chumvi ya jirani bila kuomba. Wakaimba, si sana. Alhamisi iliyofuata aliungama wivu juu ya kanga ya mtu. Ya tatu akarudi kwenye chumvi, maana alikuwa amekumbuka chumvi nyingine. Mama mmoja aliyeketi mbele akageuka, akasema kwa sauti ya kusikika, "Adventina, leo tena chumvi? Nyumba yako ina dhambi au ina duka?" Watu wakacheka, hata mchungaji akainamisha kichwa kuficha tabasamu.

Hapo Adventina aliacha kumenya, akaniambia polepole. Alisema aliona aibu kwa kuwa dhambi zake zilikuwa ndogo. Alitaka kukua katika imani, na alidhani waliokua ni wale walioimbiwa kwa muda mrefu. Alirudi nyumbani akitafuta kitu kikubwa cha kukileta. Alikijua kilipo.

Alhamisi ya nne alisimama wa kwanza. Akasema, "Mimi na wifi yangu Kokushubira tulimpeleka mtoto kwa mbandwa, akafungwa simbi, na mwalimu hajui mpaka leo."

Hakuna aliyecheka. Yustus alikuwa ameketi karibu na mchungaji, na kitabu cha nyimbo kikiwa wazi magotini. Hakumtazama dada yake. Alimtazama mkewe, upande wa wanawake, naye Kokushubira alikuwa akitazama mikono yake. Kisha wimbo ukaanza, wakaimba kwa muda mrefu, na watu wakamkumbatia Adventina mpaka kitambaa chake cha kichwa kikaanguka.

"Nilifurahi," aliniambia. "Usiandike kwamba sikufurahi."

Wiki ile wazee wa kanisa waliketi. Walisema mwalimu hawezi kufundisha katekisimu kama nyumba yake imefungwa simbi bila yeye kujua. Yustus akaondolewa kazini, na Kokushubira akazuiwa meza ya Bwana kwa mwaka mmoja. Adventina hakuzuiwa, kwa sababu alikuwa ameungama. Baada ya mavuno ya kahawa, Yustus alipata kibanja, kishamba cha migomba, huko Kamuli, mahali ambapo hakuna aliyewajua, wakafunga mizigo.

Asubuhi ya kuondoka, Kokushubira alikuja kurudisha ungo. Adventina alitarajia matusi; hata alikuwa ameyaandalia majibu ya Maandiko. Kokushubira aliuweka ungo chini, akasimama.

"Wifi, dhambi yako ilikuwa mali yako," alisema. "Ungeweza kuitoa wakati wowote. Yangu nilikuwa naiendea. Nilikuwa nimemwambia Yustus kwamba Jumapili jioni nina neno la kumweleza. Wewe ukaifikia kabla yangu, Alhamisi."

"Lakini ilikuwa kweli," Adventina akasema.

"Sijasema ni uongo."

Akaondoka. Kemigisha, mtoto wa miaka sita sasa, alipunga mkono mpaka njia ikawaficha.

Mambo ya kanisani hayakuishia hapo. Walokole, yaani watu wa uamsho, walimchukua Adventina kwenda kushuhudia katika sharika nyingine. Mara ya kwanza, karibu na Bugene, alisimulia yote pamoja na jina. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu, alipofika kwenye maneno "mimi na wifi yangu," aliona watu wa mbele wameinuka kidogo kwenye viti vyao, wakingoja jina. Alilitambua lile tendo. Ndivyo yeye mwenyewe alivyokaa Alhamisi zote, akingoja ya wengine. Alinyamaza, akaketi. Hawakumwita tena, na baadhi walisema amepoa.

Alijitahidi kuendelea. Alisoma, aliomba, alilisha wagonjwa. Lakini kila alipofika mahali palipoandikwa uache sadaka yako ukapatane kwanza na ndugu yako, kidole chake kilikwama hapo. Alipitisha miaka sita akijiambia Kamuli ni mbali. Rweyemamu ndiye aliyemwambia, "Wewe unayetembea kwenda kila mkutano, miguu hiyo haifiki kwa wifi yako?"

Mwaka 1955 alijitwika mkungu mmoja wa ndizi na pakacha la maharage, akatembea, akafika siku ya tatu. Kokushubira alikuwa akianika kahawa. Alimkaribisha kama anavyokaribishwa mgeni yeyote: nyasi mpya za kukalia, maji ya kunawa, na kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, iliyoletwa na msichana mrefu.

"Mama, huyu ni nani?" msichana aliuliza.

"Shangazi yako. Mwamkie."

"Shikamoo shangazi," Kemigisha akasema, akapiga goti.

Yustus alikuwa shambani kwa watu, akilima kibarua. Wanawake wakabaki peke yao. Adventina alisema aliyokwenda kusema: kwamba alimtumia wifi yake ili yeye aimbiwe. Hakuleta Maandiko. Kokushubira aliendelea kugeuza kahawa kwa mkono, upande huu, upande ule. Kisha akajibu, wakala pamoja, na kesho yake Adventina akarudi.

Alipofika hapo katika kunisimulia, aliinua kapu kulipeleka jikoni, kana kwamba hadithi imekwisha. Nilimfuata, nikamwuliza, "Mama, alikusamehe?"

"Bado," alisema Adventina. "Alisema anajaribu."