Fundi Kornel Aliyekwenda Kusalimia

Hetal alimwambia mara tatu, na mara ya tatu akamwandikia.

"Mzee Kornel, mpakani utaulizwa umekuja kufanya nini. Toa hii bahasha. Sema nimekuja kufanya kazi, wiki nne, naomba kibali cha muda mfupi. Basi. Rudia."

Kornel akarudia, huku akiona haya. Duka la Hetal pale Kanyenye, mjini Tabora, halikosi watu wa kutoa fotokopi, na mtu wa miaka sitini kusomeshwa mbele yao kama mtoto wa chekechea si jambo dogo. Lakini alivumilia. Binti huyu alimjazia fomu zote bila kumtoza hata senti, kwa sababu kinanda cha marehemu babu yake cha kupigia bhajani, nyimbo za ibada za Kihindu, kilikuwa bubu miaka tisa, hadi Kornel alipokifungua na kukuta panya wamehamia na familia nzima.

Hiyo ndiyo kazi yake. Anatoka kijiji jirani na seminari ya Kipalapala, na kwa miaka thelathini na moja ametengeneza vinanda vya mvukuto vya makanisa kuanzia Urambo hadi Nzega, vya Wakatoliki na vya Wamoraviani bila ubaguzi. Ana sikio, jamani! Ndani ya kinanda mna vilimi vya shaba, vyembamba kama ukucha, kila kimoja na sauti yake. Mafundi wengine huvitia namba kabla ya kuvitoa. Kornel hana haja hiyo. Hukigusa kilimi kwa kidole, akakisikia, akajua kinakaa wapi. Malipo? Kuku. Debe la karanga. Mara nyingi ni "Mungu atakulipa, Mzee," na Mungu naye ana foleni ndefu.

Kwa hiyo ulipokuja mkataba kutoka kwa masista wa Burundi, wenye mihuri, na kifungu kinachosema malipo yatakatwa kodi hukohuko, Kornel aliukunja, akaukunjua, akaukunja tena. Kodi! Yeye! Masista walitaka kinanda chao kilie siku ya jubilei ya shirika, na Sista Koleta, mkuu wa kwaya, alikuwa ametafuta fundi kila mahali akakosa. Kornel akapanda treni hadi Kigoma, njia ileile waliyoipita mababu zake na mizigo mabegani, kisha gari hadi mpaka wa Manyovu.

Dirishani alikuta kijana mpole mwenye sare.

"Karibu, mzee wetu. Umekuja kufanya nini kwetu?"

Ulimi wa Kornel ukagoma. Kwao mtu hatamki shida yake mlangoni. Unafika, unasalimiwa, unapewa kigoda na maji, mnaulizana habari za mvua na za mifugo, na mwenye nyumba akishasema "haya, lete maneno," ndipo unasema. Anayetaja kazi kizingitini ni mdai au mgambo. Hata wale wabeba mizigo wa zamani, waliotembea miezi na pembe za ndovu za matajiri, walisalimia kwanza. Na huyu kijana kampokea vizuri namna hii! Amrushie makaratasi usoni?

"Nimekuja kuwasalimu," akasema Kornel.

Kijana akatabasamu, akagonga muhuri wa matembezi. Bahasha ikabaki mfukoni. Kornel akaenda zake na amani tele moyoni, mzee wa watu, na mimi ningekuwepo ningempiga kofi.

Siku ya tisa, kinanda kikiwa wazi chote na vilimi mia moja ishirini na viwili vimelala juu ya shuka nyeupe, aliingia kanisani bwana mmoja wa makamo. Akavua kofia, akasalimu. Akavuta benchi, akamwomba Kornel aketi naye. Akampa chupa ya maji. Akauliza mvua za Tabora zikoje mwaka huu, na Kornel akajibu zimechelewa.

"Haya, mzee," bwana yule akasema. "Na hapa una shughuli gani?"

Moyo wa Kornel ukafunguka. Hatimaye, mtu aliyelelewa! Akamwaga yote: mkataba, wiki nne, malipo, kodi. Akatoa na bahasha yenyewe, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Bwana aliisoma taratibu hadi mwisho. Kisha akatoa kitambulisho chake. Alikuwa afisa wa uhamiaji.

"Mzee wangu, pasipoti yako inasema matembezi."

"Lakini nimekueleza kila kitu!"

"Umenieleza mimi. Mpakani ulisema nini?"

Ndipo Kornel alipoelewa, kwa mara ya kwanza, kwamba alikuwa amedanganya serikali ya watu. Yeye, ambaye hata karanga alizolipwa na paroko alizipima mbele ya paroko mwenyewe!

Hakuomba msamaha. Aliomba siku mbili, avirudishe vilimi mahali pake, halafu wampeleke popote.

"Mzee, nikikuacha ushike hata skrubu moja, nitakuwa nimekuruhusu ufanye kazi." Afisa hakuwa na ukali, na hilo lilizidi kuuma. "Kesho jioni uwe umeondoka. Na usirudi mwaka mzima."

Sista Koleta alikuwa amesimama mlangoni, viganja mdomoni. Alitazama shuka, akatafuta namba juu ya vilimi, hakuona hata moja. Jubilei ilibakiza wiki tatu.

Ndani ya treni Kornel hakula. Miaka thelathini na moja, na hakuwahi kuacha kitu cha mtu kimepasuliwa mezani.

Hetal alipomwona amerudi mapema alijua. Hakusema "nilikuambia," na kwa hilo apewe pepo. Aliuliza tu, "Sista ana simu?"

Sista alikuwa nayo. Walipompigia, akainua kilimi kimoja, akakigusa kwa kidole, mlio ukavuka milima hadi Kanyenye.

"Hicho!" Kornel aliruka kitini. "Safu ya chini, cha nne kutoka..."

Hetal akakata simu.

"Binti, una wazimu?"

"Mzee, hiyo ni kazi. Safari hii tunaanza na karatasi."

Siku nne alimweka hivyo, anakosa usingizi, mpaka ulipopatikana mkataba mpya wa ushauri kwa simu, kutoka Tabora, bila kuvuka mpaka, na mhasibu wa masista akauliza habari ya kodi kwa wanaohusika. Inakatwa, akajibiwa.

"Hata kusikia kunatozwa?" Kornel alishangaa.

"Kusikia kwako, ndiyo."

Siku kumi na moja walifanya kazi hivyo, Sista anagusa, Kornel anasikia, na watu wa fotokopi wamenyamaza kimya kama wako misani. Siku ya jubilei alisikiliza kwenye simu. Vilimi viwili vilikuwa vimebadilishana nafasi. Aliumia, lakini alinyamaza, maana nyuma ya kinanda alisikia watu wakipiga vigelegele.

Mwezi uliofuata ilifika kwa barua pepe, kutoka Burundi, hati ya kodi iliyokatwa. Hetal akaichapa, akaisoma: jina la mlipwaji, kiasi, kilichokatwa, na kazi yake, fundi wa vinanda.

"Soma tena hapo," Kornel akasema.

"Wapi?"

"Mwisho."

"Kazi yake, fundi wa vinanda."

Kornel alishika meza. Kwenye cheti chake cha ndoa ameandikwa mkulima. Kwenye daftari la kijiji, mkulima. Mkewe Getruda akiulizwa, husema mume wangu ni mkulima ila huwa anatembeatembea makanisani. Hakuna karatasi hata moja duniani iliyowahi kumtaja kwa kazi ya mikono yake, na sasa serikali ya watu imemtaja, ileile iliyomfukuza. Machozi yakamtoka mbele ya kadamnasi.

Hetal akaogopa. "Mzee, wamekata nyingi?"

"Wamekata sawasawa," Kornel akasema. "Nitolee kopi. Maandishi makubwa, mwanangu, Getruda ayaone bila miwani."